Lubiri ya Mengo na Mfereji Usiofika Ziwani

Katika toleo hili tumeona ni vyema tuitazame Lubiri, yaani kasri la Kabaka lililoko juu ya kilima cha Mengo hapa Kampala, pamoja na ziwa lililochimbwa kwa mikono ya watu chini ya kilima hicho. Sababu zetu ni mbili. Kwanza, wanafunzi wetu wengi hupita Ndeeba wakiwa ndani ya teksi bila kujua kwamba maji yaliyo jirani na pale ni mwanzo wa mfereji ambao haukukamilika. Pili, historia ya kasri hili inagusa swali ambalo kila mwalimu wa Kiswahili nchini Uganda amewahi kuulizwa: kwa nini lugha hii ilikataliwa kwa muda mrefu hasa katika Buganda, ilhali ilikuwa imeingia nchini kupitia baraza la mfalme mwenyewe?

Kabla hatujaendelea, tungependa kufafanua jambo moja la istilahi. Katika makala haya tunatumia neno Baganda kwa maana ya wenyeji wa Buganda, na Waganda kwa maana ya raia wote wa Uganda. Wanafunzi huyachanganya maneno haya mara kwa mara, na mchanganyiko huo huharibu maana.

Majumba ya wakubwa kando ya maji

Desturi ya wenye mamlaka kujenga kando ya maji si ya Buganda peke yake. Huko Italia, kando ya mto na mfereji wa Brenta ulio kati ya miji ya Padova na Venezia, matajiri na watawala wa Venezia walijenga majumba ya mashambani ambayo kwa Kiitalia huitwa villa. Mojawapo ni jumba la familia ya Foscari lililosanifiwa na Andrea Palladio katika karne ya 16. Jingine ni Villa Pisani katika mji wa Stra, lililojengwa katika karne ya 18. Wenye majumba hayo walisafiri kutoka mjini kwa mashua zilizovutwa na farasi waliotembea ukingoni. Kwa hiyo mfereji haukuwa pambo tu, ulikuwa barabara.

Majumba ya namna hiyo huwa na tabia ya kubadilisha wenyewe kila utawala unapobadilika. Villa Pisani ilinunuliwa na Napoleon mwaka 1807, na mwezi Juni 1934 Hitler na Mussolini walikutana humo. Pwani yetu nayo ina mfano wake. Sultani Barghash wa Zanzibar alijenga Beit el Ajaib mbele ya bahari mwaka 1883, jumba ambalo baadaye lilitumiwa na serikali ya wakoloni, kisha na chama tawala, kisha likawa makumbusho, na sehemu yake ikaporomoka mwezi Desemba 2020. Miaka miwili tu baada ya Barghash kujenga jumba lake, Kabaka kijana wa Buganda alianza kazi yake Mengo.

Kabaka Mwanga na kilima cha Mengo

Zamani ilikuwa ni kawaida Kabaka mpya kuchagua kilima chake na kujenga makao mapya. Hata Kabaka mmoja aliweza kuhama zaidi ya mara moja katika utawala wake. Muteesa wa Kwanza alijenga Kasubi mwaka 1882, na alipofariki mwezi Oktoba 1884 alizikwa humo. Tangu hapo Kasubi ikawa mahali pa kaburi lake na makaburi ya warithi wake. Mwanawe, Mwanga wa Pili, aliyezaliwa mwaka 1868, alitawazwa akiwa na umri wa miaka 16 hivi, naye akachagua Mengo. Mwaka 1885 Lubiri ikaanza kusimama pale.

Neno olubiri katika Luganda linahusu makao yote ya Kabaka yaliyo ndani ya uzio, wala si nyumba moja tu. Enzi hizo uzio huo ulisukwa kwa matete, na ndani yake mlikuwa na nyumba nyingi za nyasi: za Kabaka, za wake zake, za watumishi na za wageni. Nyumba rasmi ya Kabaka mwenyewe inaitwa Twekobe, jina linalofafanuliwa kwa maana ya tuungane.

Ziwa la Kabaka

Kati ya mwaka 1885 na 1888 Mwanga aliamuru lichimbwe ziwa kwenye bonde lililo chini ya Lubiri. Kwa mujibu wa masimulizi yanayokubalika na wengi, nia yake ilikuwa kuliunganisha kwa mfereji na Nalubaale, yaani Ziwa Viktoria, umbali wa takriban kilomita 10. Kama mfereji huo ungekamilika, mitumbwi ya kifalme ingeweza kuondoka karibu na lango la kasri na kuelekea moja kwa moja ziwani.

Ili tumwelewe Mwanga, inatupasa tukumbuke hali ya wakati ule. Barazani kwake walikuwemo Waarabu na Waswahili waliotoka pwani, wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Uingereza na wa Kikatoliki kutoka Ufaransa, na kila kundi lilikuwa na wafuasi wake miongoni mwa vijana wa ikulu. Mwezi Oktoba 1885 askofu James Hannington aliuawa Busoga alipokuwa akiikaribia Buganda kutokea upande wa mashariki. Tarehe 3 Juni 1886 vijana wengi Wakristo walichomwa moto Namugongo. Mtawala aliyejiona amezingirwa namna hii alikuwa na sababu ya kutaka njia ya maji nyuma ya nyumba yake.

Lakini njia hiyo ilihitaji mikono. Kazi ya kuchimba ilifanywa kwa kulazimishwa, na haikuwaangukia wakulima peke yao. Hata wakuu walitakiwa kushiriki, na waliochelewa walitozwa faini. Kwa Muganda mwenye cheo, kushika tope mbele ya watu aliokuwa akiwatawala ilikuwa ni aibu isiyosahaulika. Wanahistoria huihesabu kazi hiyo kuwa miongoni mwa mambo yaliyowafanya watu wamchoke Mwanga.

Mwezi Septemba 1888 ilijulikana kwamba Kabaka alikusudia kuwapeleka Waislamu na Wakristo kwenye kisiwa katika Nalubaale na kuwaacha huko wafe kwa njaa. Makundi haya mawili, ambayo kwa kawaida hayakupatana, yaliungana na kumwondoa. Mwanga alitoroka kwa mtumbwi, akavuka ziwa mpaka Magu, kusini mwa Nalubaale katika Tanzania ya leo. Hivyo basi, siku aliyoihitaji njia ya maji, mfereji haukuwa umefika. Alifika ziwani kwa njia ya kawaida, kama mtu yeyote, na kazi iliyokusudiwa kumwokoa ilikuwa imekwisha kusaidia kumwangusha.

Mwanga alirudi madarakani mwaka 1889, akauona ulinzi wa Waingereza ukitangazwa mwaka 1894, kisha akaasi mwezi Julai 1897. Waingereza walimwondoa na kumtawaza mwanawe Daudi Chwa, ambaye alikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Mwaka 1899 Mwanga alikamatwa pamoja na Kabalega, Omukama wa Bunyoro, na wote wawili wakapelekwa Ushelisheli. Mwanga alifariki huko mwaka 1903, na mwaka 1910 mabaki yake yalirejeshwa na kuzikwa Kasubi. Ziwa lake lilibaki lilivyokuwa, na mpaka leo linaitwa Ziwa la Kabaka.

Kutoka nyasi hadi matofali

Jengo la Twekobe tunaloliona sasa lilijengwa mwaka 1922, wakati wa Daudi Chwa wa Pili. Kwa hiyo makao ya Kabaka yaliacha kuhamahama, na Mengo ikawa makao ya kudumu ya serikali ya Buganda. Katika miaka ya 1950 lilijengwa jengo la Bulange kwa ajili ya Lukiiko, yaani baraza la kutunga sheria la Buganda. Barabara iliyonyooka inayoitwa Kabakanjagala, maana yake Kabaka ananipenda, inaunganisha Lubiri na Bulange. Katikati ya barabara hiyo pana mzunguko wa magari, na ndani ya mzunguko huo pamepitishwa njia yenye geti ambayo hufunguliwa kwa ajili ya Kabaka tu, kwani yeye hazunguki bali hunyoosha.

Tarehe 24 Mei 1966

Uganda ilipata uhuru mwaka 1962, na mwaka uliofuata Kabaka Muteesa wa Pili akawa rais, huku Milton Obote akiwa waziri mkuu. Uhusiano wao ulivunjika. Mwezi Februari 1966 Obote aliisimamisha katiba, na mwezi Mei Lukiiko likaitaka serikali kuu iondoke katika ardhi ya Buganda. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi, likiongozwa na Idi Amin, liliishambulia Lubiri. Muteesa aliruka ukuta, akafanikiwa kufika Burundi na hatimaye London, ambako alifariki tarehe 21 Novemba 1969. Falme zote za Uganda zilifutwa mwaka 1967.

Kasri likageuzwa kambi ya jeshi. Katika miaka ya 1970, chini ya utawala wa Amin, vyumba vya zege vilivyochimbwa ndani ya kilima na kukusudiwa kuwa ghala la silaha vilitumiwa kama jela, na watu wengi walipoteza maisha humo. Wageni wanaotembelea Lubiri leo huoneshwa vyumba hivyo, pamoja na maandishi yaliyoachwa ukutani na waliofungwa humo. Kila tunapowapeleka wanafunzi wetu huko, mazungumzo husita mahali hapo, na hatuoni sababu ya kuyaharakisha.

Ufalme wa Buganda ulirejeshwa mwaka 1993, na tarehe 31 Julai mwaka huo Ronald Muwenda Mutebi wa Pili alitawazwa katika kilima cha Naggalabi huko Buddo. Lubiri ni miongoni mwa mali zilizorudishwa mikononi mwa ufalme.

Kiswahili ndani ya Lubiri

Sasa tufike kwenye swali tulilolitaja mwanzoni. Darasani kwetu swali hili huja kwa namna moja au nyingine karibu kila mwaka: "Mwalimu, hii si lugha ya wanajeshi?" Mwanafunzi anayeuliza hivyo hafanyi utovu wa adabu. Mara nyingi anarudia yale aliyoyasikia nyumbani kwa babu na bibi yake, na babu na bibi hao wana sababu zao.

Ukweli ni kwamba Kiswahili hakikuingia Buganda kwa bunduki. Mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika katika baraza la Kabaka Suuna wa Pili mwaka 1844, na wafanyabiashara wengine kutoka pwani walifuata. Muteesa wa Kwanza alijifunza Kiswahili na Kiarabu. H. M. Stanley alipofika mwaka 1875 mazungumzo yao yalipitia katika Kiswahili, na Alexander Mackay, mmisionari aliyefika mwaka 1878, alikitumia pia kufundishia kabla ya maandiko ya Luganda kupatikana. Vijana wa ikulu waliojifunza dini na kusoma waliitwa abasomi, neno ambalo msemaji yeyote wa Kiswahili analitambua mara moja. Luganda yenyewe inashuhudia ukaribu huo kwa maneno kama essaawa, ekitabo, sabbuuni na emmeeza. Katika karne ya 19, basi, Kiswahili kilikuwa lugha ya elimu, biashara na diplomasia katika nyumba ya Kabaka.

Mambo yalibadilika wakati wa ukoloni. Katika miaka ya 1920 gavana Gowers alitaka Kiswahili kipewe nafasi kubwa zaidi katika utawala na elimu. Mwaka 1929 Daudi Chwa, yule yule aliyejengewa Twekobe, alitoa waraka wa kupinga mpango huo. Hoja yake haikuwa kwamba Kiswahili ni lugha mbaya. Baganda walihofia kwamba lugha moja ingetangulia muungano wa nchi za Afrika Mashariki chini ya walowezi wa Kenya, na kwamba Luganda pamoja na hadhi ya ufalme vingepotea. Maaskofu pia walikipinga Kiswahili. Baada ya hapo lugha hii ilizidi kubaki katika polisi na jeshi, mahali ambapo watu wa makabila mbalimbali walihitaji lugha moja ya kuelewana.

Kwa sababu hiyo, jeshi lilipoingia Lubiri mwaka 1966, lugha iliyozoeleka midomoni mwa askari ilikuwa Kiswahili. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa kwa amri, bila walimu wa kutosha wala vitabu. Mwaka 1979 majeshi ya Tanzania na ya Waganda waliokuwa uhamishoni yalimwondoa Amin, na kwa wakazi wengi wa Kampala Kiswahili kikasikika tena kutoka kwa watu wenye silaha, safari hii kama lugha ya ukombozi kwa baadhi yao. Mtu aliyeyaona haya yote hawezi kulaumiwa akisitasita mtoto wake anapoleta kitabu cha Kiswahili nyumbani.

Hapa ndipo historia ya ziwa inapotusaidia sisi walimu. Mfereji wa Mwanga ulikuwa na manufaa yake. Hakuna ubaya katika kuifikia Nalubaale kwa maji. Kilichoukwamisha ni namna kazi ilivyofanywa, kwa kuwalazimisha watu ambao hawakuelezwa faida yao. Amri ya mwaka 1973 ilikuwa na kasoro hiyo hiyo. Katiba ya Uganda ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005, Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kitumike kama lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Sisi tumefurahi, lakini neno lazima lisitulevye. Mwalimu anayeingia darasani Mengo, Ndeeba au Masaka akitegemea waraka wa serikali peke yake atapata wanafunzi waliokaa kimya. Anayeanza kwa kuwaonesha kwamba lugha hii ilizungumzwa na Muteesa wa Kwanza, na kwamba Daudi Chwa alikuwa na sababu za kuikataa, atapata wanafunzi wenye maswali. Hao wa pili ndio watakaoijifunza.

Maneno ya kuzingatia

Kasri: Neno hili limetokana na Kiarabu, na maana yake ni jumba kubwa la mfalme au sultani. Linafaa kutafsiri maana ya jengo, lakini halibebi maana yote ya olubiri, ambayo ni makao yote pamoja na uzio wake.

Ikulu: Neno hili lilitoka katika Kinyamwezi na Kisukuma, likimaanisha makao ya mtemi. Leo hutumika zaidi kwa makao rasmi ya rais. Tukiiita Lubiri ikulu hatukosei, mradi msomaji ajue ni ikulu ya nani.

Jumba: Ni ukubwa wa neno nyumba. Ndilo neno jepesi kuliko yote kwa villa ya Kiitalia, hasa tukisema jumba la mashambani.

Mfereji na handaki: Mfereji hupitisha maji. Handaki, neno la asili ya Kiarabu, ni shimo refu linalochimbwa kwa ulinzi, na maji si lazima yawemo. Kazi ya Mwanga ilikusudiwa kuwa mfereji, tusiiite handaki.

Ziwa na nyanja: Katika Luganda ennyanja ni ziwa, na Kiswahili kina nyanja kwa maana ya ziwa kubwa au bahari. Hata hivyo, nyanja hutumika pia kwa maana ya uwanja wa taaluma, kama vile nyanja ya isimu. Wanafunzi wetu waelezwe tofauti hizi kwa mifano.

Kwa walimu na wanafunzi

Tunapendekeza kazi tatu zinazoweza kufanywa kutokana na makala haya. Kwanza, wanafunzi wawaulize wazee wao wanakumbuka nini kuhusu Mengo ya mwaka 1966, kwa Luganda au kwa lugha yoyote ya nyumbani, kisha waandike muhtasari kwa Kiswahili. Wasimwandike mzee yeyote kwa jina bila idhini yake. Pili, wafanye mjadala darasani: upande mmoja utetee msimamo wa Daudi Chwa wa mwaka 1929, upande mwingine utetee uamuzi wa mwaka 2022. Ni vizuri wanafunzi Baganda wapewe upande wa pili na wasio Baganda upande wa kwanza, ili kila mmoja azoee kubeba hoja ya mwenzake. Tatu, darasa litembelee Ziwa la Kabaka na Lubiri, na kila mwanafunzi aandike insha ya maelezo yenye maneno 300, akitumia angalau maneno manne kati ya yale tuliyoyafafanua.

Wanaokwenda ziwani wachukue pia daftari la kuandika wanachokiona ukingoni, kwani udongo na taka zinazoshuka na mvua kutoka mitaa ya jirani ni sehemu ya hali ya ziwa hilo leo, na insha nzuri haiandiki ya zamani peke yake. Tutashukuru kupokea insha bora kutoka kwenu kwa ajili ya kuchapishwa katika matoleo yajayo.